Mwizi Aliyeacha Mawe Kwenye Kifusi Changu

Asubuhi ile nilikuta kwenye kifusi changu jiwe ambalo ardhi yangu haiwezi kulizaa.

Naomba mnielewe vizuri. Sisemi jiwe zuri, ingawa lilikuwa zuri. Nasema jiwe ambalo halikuwa na sababu yoyote ya kuwa pale, kwenye rundo la udongo na mawe niliyotoa shimoni mwangu.

Kitalu changu cha kuchimbia mawe ya thamani kipo Maili Tisa. Opali ya Maili Tisa ni nyeupe, ina kijani cha mbali, na nimeichimba miaka thelathini na moja. Hili lilikuwa la kijivu kilichokolea, na ukiligeuza juani linawaka rangi nyekundu upande mmoja hadi mwingine.

Pembeni yake kulikuwa na nyayo za buti.

Nikajua hapa kuna mchezo.

Kwenye mji wetu wa opali, huku jangwani Australia Kusini, unaweza kumtukania mtu ukoo mzima na akakununulia bia. Ukimwita panya, mmemalizana. Panya ni mtu anayeteremka kwenye shimo la mwenzake na kumwibia. Ndiyo maana huku hatuulizani umepata nini. Mtu akinunua gari jipya tunamwambia pole, tumesikia umefiwa na shangazi tajiri.

Hatuaminiani, na tumezoea hivyo.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi naitwa Vinko, nina miaka hamsini na sita, wazee wangu walitoka Kroatia. Nyumba yangu ipo palepale kwenye kitalu, na ilikuwa shimo kabla ya kuwa nyumba. Wengi wetu tunaishi ndani ya kilima kwa sababu ya joto. Hakuna madirisha, kuna bomba la hewa tu linalotokeza juu. Ukizima taa, mchana na usiku ni kitu kimoja.

Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni raha. Kwangu mimi mwaka ule ilikuwa mtego, kwa sababu niliugua sonona.

Watu wanapenda sababu. Waliniuliza kama nimeachwa, kama nimefiwa, kama shimo limekauka. Hakuna. Mke na mimi tulishaachana miaka kumi kabla, tena kwa amani. Nilianza tu kuchelewa kuamka. Kisha nikaacha kunyoa. Kisha nikaacha kuwasha taa.

Nesi wa zahanati alinipa vidonge na karatasi. Karatasi ilisema nipate jua la asubuhi, nitembee kila siku, nile na mtu mwingine, nilale na kuamka saa ileile. Nilicheka. Mtu amebebeshwa mlima kifuani, unamwambia atembee. Karatasi nikaikalishia kopo la kahawa. Vidonge nilimeza siku niliyokumbuka.

Wiki saba sikutoka.

Msije mkadhani watu walinisusa. Kadogo alileta supu. Tunamwita Kadogo kwa sababu ana kilo mia na thelathini. Alisimama mlangoni akasema, "Kaka, ukihitaji chochote sema."

Nikamwambia asante, sihitaji. Ilikuwa kweli. Sikuhitaji chochote, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Na niseme lile ambalo ni gumu kusema. Mwisho wa wiki ya saba nilikuwa nalala nikiomba nisiamke. Sikuwa na hasira wala machozi. Niliona tu kuwa dunia ingeendelea vizuri bila mimi.

Basi, nikiwa kwenye hali hiyo, sauti ikashuka kwenye bomba la hewa.

"We Vinko. Kuna mtu anachokora kifusi chako."

Nilimjua. Ni Bi Despina, jirani yangu wa kilima kilekile, mama wa Kigiriki wa miaka sabini na mbili, mjane wa Manolis. Mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Hakusema pole wala habari za asubuhi. Alisema lile moja akaondoka.

Nililala nikitazama giza kama dakika mbili.

Halafu nikavaa buti.

Mpaka leo najiuliza nguvu zile zilitoka wapi. Supu haikunitoa. Huruma haikunitoa. Lakini mtu kwenye kifusi changu? Nilitoka na nguo za kulalia, kamba za buti zinaburuzika, jua likanipiga usoni mpaka nikapiga chafya.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na zile nyayo, kijishimo kidogo kilichochimbwa kwa mkono, na lile jiwe la kijivu.

Nikalitia mfukoni, nikatazama huku na huku. Ukweli ni kwamba wakati ule sikuwaza kufa. Nilikuwa nawaza, ni nani huyu?

*

Siku ya pili nilitoka kabla ya jua.

Nyayo mpya zilikuwapo tayari. Nikazifuata mpaka kwenye kigingi cha kaskazini, zikapotelea kwenye mawe. Nikaona nisiishie hapo, nikazunguka vigingi vyote vinne. Huku sheria ni kwamba kitalu usipokifanyia kazi, mwingine anaweza kuja kukipigia vigingi vyake. Wiki saba nilikuwa nimelala. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nikapima unyayo kwa kamba. Ni buti kubwa, na kisigino cha kushoto kimelika kwa ndani. Nikachora kwenye daftari.

Nikaanza kupanga washukiwa.

Kadogo? Kilo mia na thelathini zingezama zaidi mchangani. Watalii? Hawaamki saa hizo. Shangazi Noreen? Huyu ni mama wa Kiantakirinja, kabila la wenyeji wa asili wa huku, kila mtu mjini anamwita Shangazi, na hakuna macho kama yake katika kuchekecha vifusi. Lakini Shangazi Noreen hawezi kuacha jiwe nyuma. Angekuwa ni yeye ningekuta kifusi kimeoshwa.

Nikiwa nimeinama pale, nikasikia kikohozi.

Bi Despina alikuwa ameweka kiti cha plastiki mbele ya mlango wake, hatua kama mia tatu kutoka kwangu. Ukikaa pale unaona kifusi changu chote. Kwenye jiko la gesi alikuwa na kibirika cha kahawa ya kwao, ile nzito inayoacha tope chini ya kikombe.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Nimeona mgongo."

"Mwanamume?"

"Mgongo hauna ndevu, kijana. Ningejuaje?"

Nina miaka hamsini na sita lakini yule mama ananiita kijana.

"Kaa," akasema. "Macho manne yanalinda kuliko mawili. Na usogee upande huu, unanuka."

Nikakaa, nikimtilia shaka. Jirani yangu kwa miaka ishirini hajawahi kunikaribisha kahawa, leo vipi? Nikanusa kikombe kabla ya kunywa. Akaniona.

"Nimetia sumu," akasema. "Kunywa haraka isipoe."

Alileta pia mkate, zeituni na mayai mawili ya kuchemsha. Nikala yote. Sikukumbuka ni lini nilikula nikiwa nimekaa.

Tukakubaliana zamu. Yeye anaamka saa kumi na moja kwa sababu ya uzee wake, mimi nifike saa kumi na mbili na nusu, tulinde pamoja mpaka saa mbili.

"Ukichelewa," akasema, "utakuta hata kifusi hakipo."

*

Ndivyo tulivyoanza.

Kila baada ya siku nne au tano, jiwe jipya. Siku nyingine zote, nyayo tu. Mwizi wangu alikuwa na akili, alijua kupita kabla sijafika. Nikajaribu kuamka mapema zaidi. Ili niamke mapema ilibidi nilale mapema, na ili nilale mapema ilibidi niache kulala mchana. Nikanunua saa ya kuamsha.

Wiki ya pili nilihitaji mtaalamu. Nikayachukua mawe matatu niliyokuwa nayo kwenye kopo la tumbaku, nikamfuata Shangazi Noreen.

Huku kumwonyesha mtu mawe yako ni kama kumwonyesha namba ya siri ya benki. Nilimwonyesha moja moja, mengine nikiwa nimeyafumba kiganjani.

Akalilamba la kwanza ili rangi itoke vizuri.

"Hili si la kwako."

"Najua."

"Umeiba?"

"Shangazi, nimeibiwa mimi."

"Umeibiwa kwa kuongezewa?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hao wezi waje na kwangu."

Nilikasirika, lakini kumbe uso wangu ulikuwa umeanza kucheka bila ruhusa yangu. Niliusikia ukivuta kwenye mashavu kama ngozi iliyokauka.

"Kifusi kisome chote," akaniambia. "Huwezi kujua mwizi anatafuta nini kama hujui una nini. Nitakuja Jumanne na Alhamisi. Lete chekeche, na unyoe hizo ndevu, zinaokota vumbi."

Tukawa tunachekecha kila Jumanne na Alhamisi. Yeye anasimulia habari za wajukuu zake, mimi nasikiliza huku jicho moja lipo kwenye vigingi. Kwenye takataka zangu za miaka thelathini tulipata vipande vyeupe vya Maili Tisa, vidogo vidogo, vya halali. Jioni mikono ilikuwa inauma, nalala kama gogo.

Msidhani ilikuwa mteremko. Wiki ya nne mlima ulinirudia kifuani. Saa ikalia, nikaizima, nikageukia ukutani. Nikasema mwizi na achukue, achukue na nyumba.

Bomba likaongea.

"Vinko. Leo amekuja na ndoo."

Nikavuta blanketi kichwani.

"Ndoo mbili, kijana. Nasema ndoo mbili."

Nilitoka nikimlaani mwizi, nikamlaani Bi Despina, nikamlaani na mama yangu aliyenizaa. Lakini nilitoka. Nikanywa kahawa ya Bi Despina. Alinipa tu zeituni moja moja, na mbegu nikawa natupia jiwe la mbele.

*

Sasa kadiri kichwa kilivyopata nafuu, ndivyo kilivyoanza kufikiri.

Mwizi gani anaacha?

Mchimbaji yeyote anajua mchezo mmoja wa kuacha mawe. Ukitaka kumuuzia mgeni kitalu kilichokufa, unapandikiza mawe mazuri ili ayaokote mwenyewe. Lakini mimi siuziwi kitu. Kitalu ni changu.

Kwa hiyo kuna mchezo mwingine, mbaya zaidi. Kuna mtu anaiba kwenye mashimo ya watu na anaficha mali kwangu. Siku akibanwa, mawe yatakutwa kwenye kifusi cha Vinko, yule mwendawazimu anayejifungia gizani. Nani atanitetea?

Kuanzia siku hiyo nililala na kopo la tumbaku chini ya mto.

Na asubuhi ya hamsini na moja nikamjua.

Bi Despina aliniomba nimshushie kopo la sukari kutoka kabatini. Nikaingia kwake, nikageuka kutoka. Nyuma ya mlango kulikuwa na jozi ya buti za kiume. Zilikuwa za Manolis, marehemu mumewe.

Zilikuwa na vumbi jeupe, bichi.

Nikageuza la kushoto. Kisigino kimelika kwa ndani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama pale na kopo la sukari mkononi, na kitu kikanikata moyoni. Nilikuwa nimempenda yule mama. Wiki saba za kahawa yake, ndizo zilikuwa asubuhi zangu zote.

Nikatoka. Nikaweka sukari mezani, nikanywa kahawa, nikaaga vizuri kabisa.

"Mbona umenuna?" akaniuliza.

"Jua tu."

Ilikuwa Ijumaa. Jioni za Ijumaa, wachimbaji wote wako klabu.

*

Sikuwa nimekanyaga klabu kwa miezi minne. Nilipoingia, watu wakageuka. Kadogo akainua chupa. Shangazi Noreen alikuwa pembeni na mpwa wake. Bi Despina alikuwa meza ya dirishani, na soda yake ya ndimu na kitambaa anachokishona miaka yote bila kumaliza.

Nilienda katikati. Nikafungua kopo la tumbaku, nikamwaga mawe mezani. Kumi na moja.

Kadogo akashusha chupa. Hakuna mtu anayemwaga mawe mezani kwetu.

"Haya si yangu," nikasema. "Yamewekwa kwenye kifusi changu, moja moja, kwa wiki saba. Kuna mtu anawaibia, anaficha kwangu ili niangukie mimi. Mtu huyo anavaa buti za mumewe aliyekufa."

Bi Despina aliweka sindano chini.

"Maliza," akasema.

Nikamaliza. Nikasema lile neno mbele ya watu wote.

"Panya ni Bi Despina."

Nilitegemea kelele. Nilitegemea viti vigongane. Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wananitazama, lakini si kwa macho niliyoyatarajia. Walionekana kama watoto waliofumaniwa jikoni.

"Njooni mtazame," nikasema. "Mwenye jiwe lake aseme ameibiwa."

Halafu sakafu ikalia. Kadogo akaja, akainama, akanyanyua jiwe la bluu kwa vidole vyake vinene.

"Hili langu."

"Umeona?" nikasema. "Lini ulijua umeibiwa?"

"Sikuibiwa, kaka. Nilimpa."

Sikuelewa.

Shangazi Noreen akaja na fimbo yake. "Hili langu. Na lile la chungwa pia, usilikandamize hivyo."

"Shangazi, wewe ulilitazama hili. Ulililamba. Ukaniambia si la kwangu."

"Nilidanganya? Ni la kwako?"

Akaja mtu wa baa. Akaja mzee mmoja wa Kiserbia ambaye hatujasalimiana tangu mwaka wa ugomvi wa mpaka, akagusa jiwe dogo la kijani, akatikisa kichwa kuwa ndiyo, akarudi kwenye kiti chake. Mmoja mmoja. Watu ambao hawamwambii hata mke wapo kwenye shimo gani, walikuwa wananyosha kidole mbele ya klabu nzima wakisema langu lile.

Mawe kumi yakapata wenyewe.

Nikaelewa. Na nitasema ukweli wangu, sikushukuru. Nilipandwa na hasira.

"Mmenichezea," nikasema. "Wiki saba mmenifanya mjinga."

Shangazi Noreen hakupandisha sauti.

"Ulikuwa unaamka au huamki?"

Nikahesabu. Jua la asubuhi, siku hamsini na moja. Kuzunguka vigingi vinne, siku hamsini na moja. Kula na mtu. Kulala na kuamka saa ileile. Ile karatasi ya nesi niliyoikalishia kopo, nilikuwa nimeitii neno kwa neno, huku nikidhani namfukuza mwizi.

Nikakaa chini. Nililia mbele ya wanaume niliochimba nao miaka thelathini, na sikuona aibu.

Nilipoinua kichwa, meza ya dirishani ilikuwa tupu.

*

Nilimkuta nje, karibu na pikapu yake, anatafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi mwake.

"Bi Despina."

"Nenda kanywe na wenzako."

"Lile la kijivu," nikasema. "Lile la kwanza. Hakuna aliyesema ni lake."

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashine za kuchimbia, na vumbi lote lilikuwa jekundu.

"La Manolis," akasema.

Nilimfahamu Manolis. Alikufa miaka tisa iliyopita kwa kuanguka shimoni. Ngazi ilivunjika, ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo tulivyosema msibani.

"Ngazi haikuvunjika, Vinko."

Nikaegemea pikapu.

"Alikuwa hivyo hivyo kama wewe. Miezi mitatu gizani. Na mimi nilikuwa mke mwema. Nilimpelekea chakula kitandani. Nilipita kwa ncha za vidole. Watu wakija nawaambia mwacheni, amechoka, apumzike. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Nikamlindia giza lake kama askari."

Akafuta uso kwa kitambaa anachokishona.

"Kuna siku alitoka. Nikafurahi, nikasema amepona. Alienda shimoni, akarudi, akaning'iniza koti, akalala. Kesho yake akaenda tena, hakurudi. Hilo jiwe nilikuja kulikuta mfukoni mwa koti. Jiwe bora alilopata maisha yake yote, na hakuniambia. Alilipata, akaja kulala."

"Mama," nikasema. Sijui kwa nini nilimwita mama.

"Basi nikajua jiwe halimwamshi mtu. Hata liwe zuri namna gani." Akanitazama. "Nilipoona mlango wako umefungwa wiki ya saba, nikaenda kwa nesi. Habari zako hakunipa hata neno moja. Alinionyesha tu karatasi iliyobandikwa ukutani, ile ya jua na kutembea. Nikasema huyu nimjuaye mimi hatatoka kwa ajili ya jua. Atatoka kwa ajili ya mwizi."

"Na ukaweka jiwe la Manolis? Kama nisingetoka, mtalii akaliokota?"

"Nilikaa nalitazama tangu saa kumi na moja. Na kama usingetoka nilikuwa nimeshika shoka la kuvunjia mlango."

Nilitaka kumkumbatia. Akanyosha mkono kunizuia.

"Bado. Lile neno umelisemea ndani. Lirudishe ndani."

Nikarudi. Nikasimama palepale katikati, nikasema nimemwita panya mtu aliyeniokoa maisha, na nikamwomba radhi mbele ya kila aliyenisikia. Bi Despina alisikiliza kutoka mlangoni mpaka mwisho.

"Sauti," akasema. "Mzee wa Kiserbia hasikii vizuri."

Nikarudia kwa sauti.

*

Hayo yana miaka mitatu sasa.

Sitawadanganya kuwa kahawa na zeituni zinaponya sonona. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa nesi kwa miguu yangu. Dawa ikabadilishwa, na vidonge nameza kila siku. Kila wiki mbili naongea na daktari kwenye simu, na kuna asubuhi mlima unarudi. Lakini ili nifike kwa nesi ilibidi kwanza nitoke kitandani, na hapo ndipo dawa zote hukwama.

Wewe unayesoma, kama una mtu wako amejifungia, usimwambie "ukihitaji chochote sema." Hahitaji chochote, ndiyo ugonjwa wenyewe. Mpe kitu kinachomhitaji yeye, kesho, saa inayojulikana. Mjue vizuri mpaka ujue ni nini kingemtoa, hata kama ni hasira. Na ukiona anazungumzia kufa, usisubiri ujanja wa mawe, mpeleke kwa wataalamu siku hiyohiyo.

Na kama ni wewe uliyejifungia, mtilie shaka kila mtu ukitaka, mimi ndivyo nilivyo mpaka leo. Ila nenda ukawachunguze kwa karibu.

Yale mawe kumi nilirudisha kwa wenyewe. La kijivu Bi Despina alikataa kulipokea. Alisema limeshafanya kazi kwake mara moja vibaya na kwangu mara moja vizuri, linatosha.

Msiniulize nimeliweka wapi.